Maonesho ya kiangazi na watoto watatu plus mama mkwe, safari hii nifanyeje tusirudi tumenuniana?

MamaKinda
Habari za saa hizi wadau, poleni na majukumu. Naombeni ushauri mapema kabla sijaharibu tena. Maonesho ya kiangazi ndo hayo yanakaribia na watoto washaanza kuhesabu siku, jana wa kati kanichorea gurudumu la bembea ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Mimi nikiyafikiria tu kichwa kinaniuma.

Mwaka jana tulienda sita, mimi, mzee wangu, watoto watatu (sasaivi wana miaka 3, 8 na 13) na mama mkwe anayetembelea mkongojo lakini kuachwa nyumbani hataki hata kusikia. Tumefika saa sita mchana jua la utosini, foleni getini imetutoa jasho kabla hata hatujaanza, nikasema basi tule kwanza tupate nguvu. Kosa. Wa kati kashiba kaenda kupanda ile bembea inayozunguka huku vikombe navyo vinazunguka, kushuka hatua tatu kamwaga vyote juu ya viatu vya baba yake. Mkubwa naye kaganda kwenye kibanda cha kurusha ringi anataka lile dubu kubwa, hela yote ya siku nzima imeishia pale na dubu hajapata. Wa mwisho kelele zimemzidi akaanza kulia, akilia na mimi nalia kimoyomoyo. Kwenye purukushani hizo mama mkwe tumemsahau kasimama juani zaidi ya nusu saa. Halafu kutoka nje gari hatulioni, tukaanza kugombana mimi na mzee mbele za watu nani alitakiwa kukumbuka tulipaki wapi.

Najua kuna watu wanaenda na wanarudi wanacheka, nawaona. Nyie mnafanyaje? Nataka siku moja tu nzuri, sio lazima iwe kamili.

BabaKofia
Pole sana dada, nimecheka ila nimecheka kwa uchungu maana hiyo ya viatu imenikuta.

Tatizo lenu naliona hapo hapo, mlienda kumaliza maonesho. Hayamalizwi yale. Sisi tulishaacha kitambo, siku moja kabla kila mtu anataja kitu KIMOJA ambacho asipokipata ataona hakwenda, na hicho kimoja ndo deni letu. Mtoto akisema gurudumu basi gurudumu atapanda hata mvua inyeshe, vingine vyote ni nyongeza. Utashangaa watoto wanataka vitu vidogo kiasi gani, wangu mwaka juzi alichotaja ni kumshika bata. Bata tu. Mimi nilikuwa nishaandaa hela ya mabembea sita.

Na nendeni geti linapofunguliwa, sio saa sita. Saa mbili za mwanzo hakuna foleni, wahudumu wana roho nzuri bado, na lile jua baya la kuanzia saa nne hadi saa kumi linawakuta mshafanya ya maana, mnatafuta kivuli.

Halafu kabla ya kununua ile bangili ya siku nzima (unalipa mara moja unapanda utakavyo) pigeni hesabu. Raha ya siku sio kupanda mara kumi na tano, mtoto wa miaka 3 atapanda viwili atachoka. Bangili inamfaa huyo wa miaka 8 pekee, wengine nunulieni tiketi mojamoja.

Gari lipige picha ukishuka, upate na nguzo au bango lililo karibu. Mambo ya kukumbuka tuachane nayo.

Zungusha_zungusha
Mimi nimefanya kazi ya kuendesha bembea misimu minne kwahiyo wacha niongee kama mtu wa upande wa pili wa kamba.

Mama, kwanza mama mkwe asiachwe chini. Watu wengi wanadhani mabembea ni ya watoto, lakini lile gurudumu kubwa linaenda polepole na wazee wanalipenda kuliko mnavyofikiri. Mfuate muendeshaji mapema, usisubiri mpaka mfike mbele ya foleni, mwambie una mzee mwenye mkongojo. Sisi tulikuwa tunasimamisha kabisa apande bila haraka na kushuka hivyohivyo. Muulize tu, kuuliza hakulipishwi.

Pili farasi wa kuzunguka. Farasi wa nje na wa ndani wanamaliza mzunguko kwa mda uleule, ila wa nje anakwenda njia ndefu, kwahiyo ndo mwenye kasi na ndo anayekutupa pembeni. Mtoto wa miaka 3 mkae naye wa ndani kabisa au kile kiti cha benchi, wa miaka 8 mpeni wa nje ajione bingwa. Bembea moja, raha mbili tofauti.

Tatu na hii naomba sana, kile kijiti cha kupima urefu msigombane nacho. Kila msimu nilikuwa natukanwa na wazazi kwa sababu ya sentimita mbili, mwingine anamwambia mtoto asimame kwa vidole. Ile nondo ya kufunga kifuani au mapajani imepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani, mwili mdogo unapita chini yake. Sikatazi kwa roho mbaya jamani. Mpimeni mtoto nyumbani kabla hamjatoka mjue anaruhusiwa wapi, kulia mlie huko huko.

Na foleni zinapungua mara mbili, mwanzoni kama alivyosema Baba Kofia na mda ule onyesho kubwa la uwanja wa kati linapoanza. Watu wote wanakimbilia kule, mabembea yanabaki matupu.

NesiAsiyelala
Naongezea la kutapika maana naona wote wanalizunguka 😄

Kinachotokea ni kwamba ndani ya sikio kuna sehemu inayopima mwendo na mizani ya mwili. Sikio linasema tunazunguka, macho yanaangalia kikombe alichokalia anakiona kimetulia, ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana na tumbo ndo linalipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndo wanaosumbuliwa zaidi, chini ya miaka 2 ni nadra. Kwahiyo mtoto wako wala sio mdhaifu, ni umri.

Bembea za kuzunguka zitangulie, chakula kifuate. Ila asiende tumbo tupu kabisa pia, kitu kidogo kikavu saa moja hivi kabla kinatosha. Akiwa juu mwambie aangalie mbali asiangalie miguu yake wala uso wa mwenzake, na asifungue simu kurekodi. Akishuka akae dakika kumi kivulini kabla ya kupanda nyingine, sio anashuka anakimbilia foleni ya pili. Dawa za kuzuia zipo lakini nyingi zinaleta usingizi na zinatakiwa kunywewa kabla sio baada, muulize mfamasia kutokana na umri wake.

Kwenye mifugo, mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza peke yake haitoshi pale, mbuzi na ng'ombe wanaweza kubeba aina ya bakteria wa E. coli anayeumiza watoto wadogo vibaya hadi figo, na mnyama mwenyewe unamuona mzima kabisa anatafuna. Wa miaka 3 anashika manyoya anaweka kidole mdomoni, hapo ndo shida. Kunyonya chuchu ya chupa na kula vyote vingoje mpaka mikono ioshwe.

Bibi naye anywe maji hata kama hasikii kiu, wazee kiu inachelewa kuwaambia. Akilalamika kichwa au kizunguzungu mtoeni juani, mlazeni miguu juu kidogo, mpoozeni kwa maji na anywe. Nusu saa ikipita hajapata nafuu, au akianza kuongea visivyoeleweka, msisubiri, banda la huduma ya kwanza haraka. Mkifika tu ujue banda hilo liko wapi, usije kulitafuta mgonjwa yuko mkononi.

RingiTatu
Nimesoma habari ya dubu nimeumia hahaha. Huyo mwanao wa miaka 13 aje nimpe shule. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha michezo miaka mingi na mimi likizo zangu zote niliishia pale kuokota ringi.

Sio lazima pawe na wizi, ni hesabu tu. Ile ringi tundu lake limezidi shingo ya chupa kidogo sana, halafu ni plastiki ngumu inaangukia kwenye kioo, inadunda. Ili iingie inabidi ishuke karibu imelala kabisa. Ndo mana unaona chupa mia na kitu zimejaa mezani unasema haiwezekani nikose zote, na unakosa zote. Kikapu nacho ukikiangalia vizuri mara nyingi kiko juu kuliko kile cha uwanjani cha mita 3 na ushee, au ringi ni ndogo, mpira umejazwa upepo mpaka unaruka kama kichaa. Mtu anayecheza basketi kweli ndo anaumia zaidi kwasababu mkono wake umezoea kipimo kingine. Maputo ya kupasua yanajazwa nusu yawe laini na vishale vimechoka ncha. Makopo yaliyopangwa piramidi, kila mtu anapiga la juu, wakati ukitaka yadondoke yote upige chini pale mawili yanapogusana, ingawa kuna sehemu la chini wameliwekea uzito.

Sasa siri yenyewe. Tafuta mchezo ambao LAZIMA mtu mmoja ashinde kila raundi. Ile ya kushindana kupuliza maji kwa bunduki kwenye shabaha mpaka farasi wako afike mwisho, au ya kubiringisha mipira. Pale haupambani na kibanda, unapambana na mliokaa nao. Mkiwa watu kumi na wewe ukiwemo una nafasi moja kwa kumi, ukimkuta mtu mmoja tu amekaa uko nusu kwa nusu. Kwahiyo asubuhi mapema wakati hakuna watu ndo mda wa kucheza. Asimame pembeni dakika kumi aangalie tu nani anashinda na anashika vipi bunduki. Zawadi itakuwa ndogo, na hapo watamwambia cheza tena tukubadilishie ukubwa, akubali kidogo alichopata aondoke. Ile ya kubadilisha ndo inayomaliza hela, mjomba alikuwa analipia kodi ya nyumba nayo.

Wa miaka 3 mpelekeni kwenye bata wa kuelea, kila anayevua anapata kitu. Kitu chenyewe hakina maana ila yeye hajui.

Na mpe huyo mkubwa hela yake mkononi mwambie ikiisha imeisha. Afadhali aumie na kibanda cha ringi leo kuliko ukubwani huko.

Kiti_cha_Kivulini
Naona mnapanga kama mnaenda vitani. Mimi mwenzenu mabembea sipandi, michezo sichezi. Naenda na kiti changu cha kukunja, natafuta mti uliokaa vizuri karibu na njia panda, nakaa naangalia watu. Ndo starehe yangu ya mwaka mzima. Baba kabeba mtoto mabegani, mtoto kamwaga juisi kwenye upara wa baba, baba hajui bado, mama anajua ananyamaza. Hiyo huipati kwenye tivii.

Dada, mchukulie mama mkwe kiti cha kukunja mpe na kofia, kivulini hapo pawe kambi yenu. Watu watoke kambini warudi kambini. Akichoka mtu anabaki na bibi, mizigo inabaki na bibi, hamzunguki na mabegi kama wakimbizi. Wewe mwenyewe kaa pale zamu yako. Nadhani mwaka jana wewe hukukaa hata dakika moja, nimekosea?

Na huyo anayechora gurudumu kwenye daftari msimgombeze, kwanza ni hesabu ile. Mwambie la kwanza kubwa alilijenga injinia George Ferris pale Chicago mwaka 1893, kwasababu Paris walishajionyesha na mnara wa Eiffel mwaka 1889 na Wamarekani wakataka kitu cha kujibu. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36, kila kibanda kinaingia watu 60. Mpe azidishe mwenyewe ni watu wangapi kwa mara moja. Na lile la Vienna la mwaka 1897 linazunguka mpaka leo.

Nyingine ya kumwambia, mashine ya zile pipi za pamba iliyovumishwa kwenye maonesho ya St. Louis mwaka 1904, mmoja wa waliobuni alikuwa daktari wa meno. Nawaza tu alivyokuwa akifikiria mbali yule bwana.

MamaKinda
Jamani mmenifurahisha hadi mzee kaja kuchungulia nacheka nini. Hujakosea Kiti cha Kivulini, sikukaa kabisa, nilikula nimesimama.

Kiti na kambi nimechukua, deni la kila mtu nimechukua. Mawili yamebaki. Huyu wa mwisho ni mkimbiaji, mwaka jana alitupotea dakika nne tu lakini nilizeeka miaka. Halafu kelele, akisikia muziki wa mabembea matatu kwa pamoja anaziba masikio analia.

BabaKofia
La kupotea, asubuhi kabla hamjaingia mpige picha mzima kuanzia kichwa mpaka viatu na nguo alizovaa siku hiyo. Ukichanganyikiwa hukumbuki hata rangi ya fulana, mimi niliulizwa nikasema bluu kumbe ya njano. Namba yako ya simu muandikie kwa peni ndani ya mkono, usiandike jina lake sehemu ya kuonekana, mtu asije akamuita kwa jina akadhani anamjua. Mfundishe kitu kimoja tu maana umri huo viwili vinachanganyika, akiona hakuoni ASIMAME hapohapo aite. Wakubwa ndo muwape sehemu ya kukutana, iwe kitu kisichotembea. Sisi mwaka mmoja tulikubaliana kwa muuza maputo. Muuza maputo akahama.

Zungusha_zungusha
Kelele, spika kubwa zinakaa kwenye mabembea ya vijana ya kurushwa juu, hayo kwa kawaida yanapangwa pamoja upande mmoja. Ya watoto wadogo na mifugo upande mwingine. Kambi muiweke huko. Zile hedifoni za kuziba kelele za watoto zinasaidia sana, azizoee nyumbani siku chache kabla la sivyo atazitupa. Ulizeni pia kwa waandaaji, maonesho mengine wana masaa ya utulivu, muziki unazimwa na mataa ya kumetameta yanapunguzwa kwa ajili ya watoto wanaosumbuliwa na kelele. Kwetu ilikuwa asubuhi ya siku ya katikati ya wiki na mimi ndo nilikuwa naipenda kuliko zote, unasikia watoto wanacheka badala ya spika.

NesiAsiyelala
Na ondokeni mapema kabla hajaanza kulia, sio baada. Mtu wa miaka 3 ana betri ya masaa matatu manne hivi, ikibaki kidogo mnaaga. Mkubwa akinuna abaki na baba yake, kwani lazima mrudi wote pamoja?

MamaKinda
Wadau nimerudi kutoa ripoti kama nilivyoahidi. Sikuahidi lakini natoa.

Tumekwenda siku ya katikati ya wiki, mzee kaomba ruhusa kazini, geti limefunguliwa tukiwa watu wa nane kwenye foleni. Kambi chini ya mti, sio mti mzuri sana, una sisimizi, ila kivuli kipo. Deni la wa kati gurudumu, la mkubwa kushinda kitu chochote, la mzee kuangalia matrekta (sikujua!! miaka kumi na tano nimeolewa sikujua), la mama mkwe alisema hana, mnifikirie mimi mzee jamani, nikamwambia mama taja, akasema basi na mimi gurudumu.

Amepanda mara MBILI. Muendeshaji kasimamisha kabisa kama mlivyosema, akamshika mkono kama bibi harusi. Kule juu wa kati akawa anamsomea bibi yake hesabu, thelathini na sita mara sitini, bibi anajibu tu eeh, eeh, macho yako mbali huko.

Wa kati alitaka vile vikombe tena, nikakaza roho, tukapanda kabla ya kula na aliangalia mbali. Kashuka kapauka kidogo lakini viatu vya watu vimepona. Wa mwisho deni lake nilimchagulia farasi wa kuzunguka, akakataa katakata, akaenda kwa mbuzi akakaa pale karibu saa nzima anamuangalia mbuzi anatafuna. Nilitaka kumvuta twende kuona vingine halafu nikakumbuka bata wa Baba Kofia nikakaa chini na mimi. Nikaangalia mbuzi. Ana kazi nzuri yule. Mikono tumeosha kwa sabuni mara tatu Nesi usinigombeze.

Saa saba na nusu wa mwisho kaanza kusugua macho nikasema tunaondoka, mkubwa kalalamika, mzee kabaki naye na matrekta yao, wamerudi jioni kwa basi. Gari tumeliona dakika moja kwa picha. Kugombana tumegombana kidogo, maana mzee alisahau maji nyumbani, ila ilikuwa ndani ya gari na vioo tumepandisha.

RingiTatu, mkubwa kasimama kando ya bunduki za maji robo saa nzima anaangalia kama polisi, kakaa akiwa na mpinzani mmoja tu, kijana anayeongea na simu, akamshinda. Kapata chura wa kijani mdogo jicho moja limelegea. Wakamwambia cheza tena tukupe mkubwa akasema asante imetosha. Nilikaribia kulia.

Chura mwenyewe kampa bibi. Sasaivi yuko juu ya tivii sebuleni, wa mwisho akimsogelea anaambiwa huyo asiguswe, wa bibi.